Masahihisho ya Sura ya Nne

Swali lililoniangusha siku ya kutetea tasnifu yangu halikuwa la nadharia wala la mbinu za utafiti. Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo mpaka nikawa nayaota. Mtahini wa ndani, profesa mmoja mwembamba, mwenyeji wa Tabora, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kimya akifuta miwani, alinitazama, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Binti, umewahi kufiwa?"

Nimekaa miaka chuoni, nimezunguka vijiji na kinasa sauti, nimeandika na kufuta mpaka macho yameingia ndani, halafu mtu mzima ananiuliza habari za kufiwa!

"Hapana, Profesa," nikasema. "Wazazi wangu wote wawili wapo, alhamdulillahi. Ila sioni hilo linahusiana vipi na utafiti wangu."

Lilihusiana, na mimi mwenyewe nililijua hilo, ndiyo maana nikajibu kwa ukali. Tasnifu yangu ilihusu utani wa msibani kwetu Miono na vijiji vya jirani. Mtu akifa, watani wake ndio wanaochimba kaburi na kupika, na huku wakifanya kazi hizo wanamsema marehemu: alikuwa mchoyo, alikuwa anakoroma, amekufa kukwepa zamu ya kulima. Wanavaa nguo zake, wanaiga mwendo wake, wanakaa mlangoni kuzuia jeneza lisitoke mpaka wapewe chochote. Mimi ni Mkwere, nimeyaona hayo tangu mtoto. Kwenye sura ya nne nikaandika sentensi niliyoipenda sana, nikaiweka mwisho wa aya ikae peke yake ionekane: Watani hucheka msibani kwa sababu wao hawana uchungu.

"Nani amekwambia hawana uchungu?" akauliza.

"Nimewaona, Profesa. Nimehudhuria misiba mingi kama mtafiti."

"Umeona meno," akasema.

Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Nina ulimi, tangu utoto mama yangu ananiambia ulimi huu utanifukuzisha mahali, na siku ile karibu ulifanya kazi hiyo. "Na Profesa mwenzangu ameona nini zaidi ya meno?" nikamwuliza. Mimi na yeye "mwenzangu"! Msimamizi wangu, mama mmoja mtulivu aliyenilea kitaaluma, akafumba macho, kama mtu anayesubiri kitu kianguke.

Wakanitoa nje, wakanirudisha. Nimefaulu, lakini kwa masahihisho makubwa. Sura ya nne iandikwe upya, na yule yule profesa wa Tabora ndiye ataisoma na kutia saini. Nikichelewa, au yeye asiporidhika, hakuna shahada. Nilitoka pale. Ndugu walikuwa wanapiga simu kunipongeza, nikawa naitikia "ahsante, ahsante" huku sijui naitikia nini.

Nikarudi Bagamoyo, kwa wazazi wangu Dunda, nikajifungia kwenye chumba changu cha zamani na kompyuta. Baba alikuwa mkulima, ana shamba lake la ufuta Miono, akiwa hana kazi huko anakaa Dunda na mama. Hakusoma hata ukurasa mmoja wa tasnifu yangu, ila alitaka kujua kila kitu. Nilipomsimulia yaliyonipata alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mtu wa wapi huyo?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?" Akapiga makofi. "Lahaula! Mama, njoo usikie! Mpagazi wa babu yangu ndiye anayemsahihisha binti yetu!" Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi mama amletee maji.

Wanyamwezi ni watani zetu watu wa Pwani tangu walipokuwa wanafika Bagamoyo na mizigo ya pembe mabegani. Mimi nilikuwa nimeliandika hilo na marejeo yake yote, kurasa na kurasa. Lakini haki ya Mungu, siku ile kwenye jopo halikunijia hata kidogo kwamba aliyekaa mbele yangu ni mtani wangu. Nilimwona profesa tu.

Tangu siku hiyo baba akapata mchezo mpya. Kila asubuhi akishakunywa chai anasimama mlangoni kwangu. Ana namna yake ya kuuliza, anaanza na "Ee" ndefu kama anasukuma mlango mzito, kisha anavuta pumzi puani: "Eeee mwanangu, sura ya nne umemaliza?" Si sura ya pili, si hitimisho. Sura ya nne tu. Namjibu bado. Anaondoka akiguna.

Siku moja nikampigia profesa simu anifafanulie maoni yake. Alikuwa ameandika pembeni mwa ile sentensi yangu: "Thibitisha au ondoa." Sasa uchungu wa mtu nitauthibitishaje mimi? Niliweka simu sauti ya juu ili niandike anachosema. Kumbe baba yuko mlangoni. Kabla sijaamua la kufanya, simu ishanyakuliwa.

"We mpagazi!" baba akapiga kelele. "Mizigo ya babu yangu uliitua wapi?"

Nikashika kichwa. Hapo basi, nikajua shahada imekwenda na maji.

Upande wa pili ikaja sauti ambayo sijawahi kuisikia chuoni, sauti pana yenye kicheko ndani yake: "Aa, nimempata mwizi! Pembe tulileta sisi, mkatulipa shanga mbovu! Hebu nieleze, lini mtaturudishia haki yetu?"

Wakatukanana pale mpaka simu ikapata moto. Baba alikaa kwenye kitanda changu juu ya makaratasi yangu, anafuta machozi ya kucheka. Walipomaliza akanirudishia simu kama vile amemaliza kazi muhimu ya serikali. "Mtu mwema sana," akasema. Sikupata ufafanuzi wowote.

Basi ikawa desturi. Profesa alikuwa akipiga moja kwa moja kwenye simu ya baba, asubuhi kabla hajaingia darasani. Baba alimhifadhi kwa herufi kubwa: MPAGAZI, na mara nyingi aliniuliza swali lake la sura ya nne simu ikiwa bado sikioni. Mimi niko chumbani napambana na aya, mtahini wangu na baba yangu wako barazani wanatukanana, na sura haisogei. Nilichoka. Siku moja nikamwambia baba, "Kama mmekuwa marafiki kiasi hicho, si umwambie anipitishie tu?"

Baba aliniangalia kama nimemwambia tukaibe msikitini. "Utani si rushwa," akasema. "Maliza sura yako."

Na kati ya matusi yao lilikuwepo moja lililorudi kila mara. Baba alikuwa akisema, "Siku nikifa uje unibebe, mpagazi, ndiyo kazi yenu," na profesa anamjibu, "Nitakuja, tena kanzu yako naondoka nayo." Nililisikia mara nyingi mpaka nikawa silisikii tena.

Msimu wa kuvuna ufuta ulipokaribia baba akaenda Miono. Asubuhi moja, mama bado yuko kwenye mswala, simu yangu ikalia. Alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba anayekaa kule shamba.

"Mwanangu, kaa chini kwanza."

Sikukaa. Akasema kaka yake amesali subhi vizuri, akatoka barazani kuvaa viatu aende shamba. Kimoja akakivaa. Cha pili hakukivaa.

Subhanallah. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia "sawa", nikakata simu. Sawa! Ndivyo nilivyosema. Mama alinitazama usoni akajua, akaanza kulia pale pale kwenye mswala. Mimi nikaanza kupanga vitu. Nikatoa kanga, nikazima jiko, nikafunga madirisha. Tulipofika Msata ndipo nikagundua kwamba nimebeba begi la kompyuta. Nimekwenda kumzika baba yangu na sura ya nne begani, na sijui nilikuwa nafikiria nini.

Miono watu walikuwa wamejaa. Wanawake wakanipokea kwa vilio, mimi mkavu. Nilikaa mkekani na macho yangu yakafanya kazi yaliyoizoea: huyu ni mtani wa ukoo upi, yule amebeba jembe kwa mkono gani, nani ameanza mzaha na nani amemwitikia. Nilikuwa naangalia msiba wa baba yangu kama mtafiti! Nilijishangaa na bado nikaendelea. Shangazi akaja akanishika mabega akanitikisa. "Lia, mwanangu. Lia, usikae hivyo, utaugua." Machozi hayakuja. Nilihisi kama mtu aliyepigwa na mlango, bado hajajua ameumia wapi.

Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kukafiniwa, jeneza liko chumba cha mbele, wanangoja kutoka kwenda kuswalia na kuzika baada ya alasiri. Hapo ndipo tukasikia bodaboda barabarani, na juu ya mlio wake sauti ya mtu:

"Yuko wapi mwizi huyo? Mmemficha wapi? Amekufa kunikimbia!"

Nikainua kichwa. Profesa wangu. Vumbi la njia nzima limemkaa, miwani huoni kitu, shati alilovaa ni la kwenda darasani na kalamu bado iko mfukoni. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote wa chuo. Baadaye ndipo nilipoelezwa: alipiga simu asubuhi kama kawaida yake, akaanza "We mwizi," na aliyepokea alikuwa baba mdogo.

Alipita katikati ya watu bila salamu, hata shikamoo kwa wazee hakutoa, akaingia ndani. Damu ikaanza kunichemka. Nikasema moyoni, huyu amekuja kuniumbua mpaka huku? Akatoka. Amevaa kanzu ya baba, ile ya Ijumaa, imemwishia kwenye ugoko kwa urefu wake, na kofia ya baba imekaa upande. Vijana wa utani wakapiga mluzi. Shehe akageuka kuangalia ukuta, akajifanya hana habari.

Mtu huyu hakuwahi kukutana na baba. Mwendo wake hakuujua, alijua sauti tu ya kwenye simu, basi mwendo hakujaribu hata kuuiga. Alikuja mpaka kwenye mkeka wetu wanawake, akasimama mbele yangu, akavuta pumzi puani.

"Eeee mwanangu, sura ya nne umemaliza?"

Jamani. Ile sauti! Ile ile, na mlango mzito ndani yake. Kwa muda nilioshindwa kuuelewa, baba yangu alikuwa amesimama pale ananiuliza, na mimi mdomo wangu ulikuwa tayari umeshaanza kusema "bado".

Kisha nikaona ni nani, nikaruka. Nilivua kandambili nikamrushia, ikampiga kifuani. "Mshenzi!" nilimwita, mbele ya wazee wote. "Huna haya! Huna adabu! Mtu hata hajazikwa!" Nilitafuta na ya pili nisiione. Na katikati ya kelele zangu nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, kicheko cha chinichini kinachokatika na kuanza upya. Nikageuka. Alikuwa mama. Mjane mwenyewe, kanga imemfunika kichwa, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Ndiye," alikuwa anasema. "Ndiye yeye hasa. Sema tena, baba, sema tena."

Kandambili yenyewe mtu mmoja akanirudishia mkononi.

Profesa hakusema tena. Alikwenda akakaa chini kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye fremu ya mlango. "Hatoki mtu hapa," akasema. Watani wengine wakamshangilia. Baba mdogo akamwuliza anataka nini, apewe kuku? Hataki kuku. Apewe kanzu? Kanzu keshaichukua. Akaninyooshea kidole. "Mpaka huyu mwanamke mwenye domo aniambie kwa kinywa chake niondoke. Aniambie vizuri, kama baba yake alivyokuwa ananiambia."

Watu wote wakanigeukia. Adhana ilikuwa inakaribia. Shehe akakohoa. Nilisimama pale na kandambili mkononi, shahada yangu imekaa mlangoni imevaa kanzu ya baba, na sikuwa na neno. Mimi mwenye ulimi, sikuwa na neno! Nilijua kila lililoandikwa kuhusu wakati kama ule. Nililokosa ni la kusema. Kisha likaja lenyewe, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"We mpagazi! Umekuja kukaa au umekuja kubeba? Inuka ubebe mzigo wako!"

Baraza zima likalipuka, wazee, shangazi, shehe mwenyewe. Mama alicheka mpaka akashikiliwa. Na profesa akainuka haraka kama kijana, akasema, "Haya bibi, haya," akaingia ndani, na jeneza lilipotoka yeye ndiye aliyekuwa mbele upande wa kulia, bega lake chini ya mti, kanzu fupi inapepea kwenye miguu yake. Wanaume wakapokezana nalo barabarani wakimtaja Mwenyezi Mungu. Nililitazama mpaka lilipopinda kwenye mikorosho. Hapo ndipo nikaanguka mkekani nikalia. Nililia kwa sauti, nililia matusi, nililia mpaka shangazi aliyeniomba nilie akaniomba ninyamaze.

Walipotoka makaburini nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta maji ya kunawa uso. Profesa alikuwepo, amechuchumaa karibu na ndoo, mikono imejaa udongo mwekundu wa kaburi. Nilidhani ananawa. Alikuwa analia. Analia vibaya, kama watoto wanavyolia, anajifuta kwa mkono wa kanzu ya baba na kujipaka udongo usoni. Hasira yote iliniishia, nikabaki sina kitu cha kushika.

"Sikuwahi kumwona uso," akasema bila kuniangalia. "Leo wamenifunulia kidogo nimwone kabla hatujamteremsha. Nilidhani ni mtu mnene." Akavuta kamasi. "Kwetu wamekwisha. Nilikuwa sina tena mtu wa kunitukana asubuhi."

Nikachota maji kwa kata nikamwagia mikononi, akanawa. Habari ya tasnifu hakuigusa hata kwa kidole, wala mimi sikuigusa. Aliondoka na kanzu yake, na hakuna aliyemwuliza.

Tukarudi Dunda. Mama akaingia eda, akakaa chumbani kwake na nguo zake nyeupe, mimi nikakaa changu na masahihisho. Chuoni profesa alirudi kuwa profesa. Niliandika kuomba nyongeza ya muda, akanijibu kwa mstari mmoja mkavu kwamba muda ni ule ule. Mtu aliyelia kwenye ndoo ya nyumbani kwetu! Nilimlaani siku nzima, kisha nikafanya kazi. Niliandika sura ya nne yote upya. Kila mtani niliyemhoji zamani nilirudi kumsikiliza kwenye kinasa sauti, na sasa nikawa nasikia vitu. Mzee mmoja wa Lugoba anacheka, anacheka, kisha anakaa kimya kirefu kabla hajajibu swali langu linalofuata. Mimi mwanzoni nilikuwa nimeandika "kimya" kwenye mabano nikaendelea mbele. Nilipousikia ule ukimya safari hii ilibidi nizime mashine nitoke nje.

Ikabaki kazi ya mwisho, jedwali la masahihisho. Kila anayemaliza analijua: upande mmoja maoni ya mtahini, wa pili ulichofanya, wa tatu sababu yako. Nilijaza mistari yote isipokuwa mmoja, ule wa "Thibitisha au ondoa." Sentensi nilikuwa nimeshaiondoa. Sababu ndiyo ilinishinda. Msimamizi wangu alinionya kwa simu: "Andika sababu ya kitaaluma, mwanangu, yenye chanzo. Usimpe nafasi huyo mzee."

Asubuhi moja nimekaa mbele ya mstari ule, simu ya baba ikalia chumbani kwa mama. Tulikuwa hatujaizima, mama hakutaka. Ililia, ikakata, ikalia tena. Mama akaniita. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole, jina linawaka kwa herufi kubwa.

"Pokea," akasema. "Ni wako huyu sasa."

Nikaiweka sikioni. Sikusikia kitu, pumzi tu ya mtu aliyepiga simu halafu akaogopa.

"We mpagazi," nikasema. "Kanzu yetu umeifua?"

Nilimsikia akicheka, kisha akajikaza akavuta pumzi puani. "Eeee mwanangu," akasema. "Sura ya nne umemaliza?"

Mama alikuwa amesogeza sikio lake karibu na langu.

"Namalizia," nikamjibu.

Nikarudi chumbani, nikakaa mbele ya kompyuta, na pale penye sababu, mahali pa kuweka chanzo na ukurasa, nikaandika neno moja: Nimefiwa.